Mshairi wa Shodoshima, Wavuvi wa Chisenga

Harufu ya samaki wa Kashikishi humpokea msafiri kabla basi halijasimama. Magunia ya chisense yamepangwa yakafika usawa wa mapaa ya vibanda. Wachuuzi wanabishana bei kwa Kibemba, mmoja anajibu kwa Kiswahili cha Katanga, na mabishano yanaendelea bila mtu kugeuza shingo. Ng'ambo ya Ziwa Mweru, kutoka upande huu wa Zambia, ni Kongo. Mji wa Kilwa uko upande ule, na Pweto uko kaskazini zaidi, pale maji ya ziwa yanapotoka na kuwa mto Luvua, safari ya kwenda kuungana na mto Kongo. Samaki wa hapa huuzwa miji ya Copperbelt, huuzwa pia Lubumbashi, na lugha hupanda gari moja nao. Nilikuwa nimetoka Tunduma, nikapita Kasama, Luwingu na Mansa, kisha nikaifuata barabara ya bonde la Luapula. Kote huko niliishi kwa ishara na Kibemba cha kuombea maji. Kashikishi ndipo nilipoanza tena kuongea kama mtu mzima.

Kiswahili si mgeni wa juzi katika nchi hii. Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda, Novemba 1867, alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amekaa hapo miaka na miaka. Mwaka huohuo Tippu Tip alikuwa Itawa, mashariki ya ziwa, akipigana na Nsama, mtawala wa huko. Lugha yetu iliingia hapa pamoja na pembe za ndovu na minyororo, na anayeifurahia leo sokoni hana budi kulikumbuka hilo pia.

Mkobani nilikuwa na kitabu kimoja, mashairi ya Mjapani Ozaki Hosai, katika tafsiri ya Kiingereza ya Hiroaki Sato iliyotoka mwaka 1993. Hosai aliishi miezi yake minane ya mwisho kisiwani Shodoshima, ndani ya kibanda, bila kazi wala fedha, na mashairi yaliyompa jina ni ya miezi hiyo. Nimekisoma kitabu hicho kwa miaka mingi nikiwa mjini, nikiwa nimeshiba, mlango umefungwa. Nilitaka kukisoma mahali ambapo maji yamezunguka pande zote na kila kinacholiwa kimevuliwa au kimevushwa kwa mashua. Ndiyo sababu ya kwenda Chisenga, kisiwa cha Ziwa Mweru. Watu wa Nchelenge waliponiuliza shughuli yangu niliwaambia hivyohivyo, na hakuna aliyeiona kuwa sababu ya ajabu.

Kabla ya kufika ziwani nililala Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, ambako Walunda hufanya sherehe ya Mutomboko kila mwisho wa Julai. Nilifika baada ya sherehe, uwanja ukiwa mtupu. Lakini hapo ndipo niliposimuliwa na mwenyeji wangu habari za Nachituti, ambazo nilikuwa nimezisoma tu. Nachituti alikuwa dada yake Nkuba, mkuu wa Washila, wavuvi waliokuwa na maji haya kabla ya Walunda. Nkuba alimuua mtoto wa dada yake huyo. Mama aliyefiwa akaenda kwa Kazembe kuomba kisasi, na Nkuba alipokwisha kuuawa, Nachituti akamletea Kazembe vitu viwili: kikapu cha udongo na chungu cha maji. Nchi na ziwa zikawa zimekabidhiwa. Hakuna hotuba katika masimulizi hayo. Uchungu wa mama, usaliti wa ndugu, mwisho wa utawala mmoja na mwanzo wa mwingine, vyote vimewekwa ndani ya kikapu na chungu. Mpaka leo mwenye kudai haki ya kuvua au kulima katika bonde hili anaweza kuanza madai yake hapo.

Nilimfikiria Hosai usiku ule. Kazi yake yote ilikuwa kutafuta kikapu na chungu.

Alizaliwa Tottori, magharibi ya Japani, Januari 1885. Alikuwa kijana wa kutarajiwa makubwa: alisoma sheria Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, kilele cha elimu katika Japani ya wakati ule, akaingia kampuni ya bima, akapanda vyeo. Alimpenda binamu yake Yoshie akataka kumwoa, ndugu wakakataa kwa ajili ya udugu wa damu. Baadaye akamwoa Kaoru. Pombe ilianza mapema na haikumwacha. Akilewa alikuwa mkali, mwenye ulimi wa kuumiza watu, na kazi ikamponyoka. Mwaka 1922 alipewa nafasi nyingine, kusimamia kampuni ya bima mjini Seoul, wakati Korea ilipokuwa chini ya Japani. Nayo ikaisha kwa sababu ileile. Akatangatanga Manchuria, akaugua mapafu, akarudi Japani akiwa hana kitu. Kaoru akaenda kutafuta kazi Osaka. Hosai akajiunga na jumuiya ya watu wa toba na kazi za mikono mjini Kyoto, kisha akawa mhudumu wa hekalu moja baada ya jingine, akifagia na kupasua kuni, huku kifua kikizidi kumlemea. Agosti 1925 alivuka kwenda kisiwa cha Shodoshima katika Bahari ya Ndani ya Seto. Tarehe 7 Aprili 1926 akafa hapo, akiwa na umri wa miaka 41.

Msomaji wa Kiswahili anayejua haiku kidogo huzijua kwa hesabu yake: mizani 5, 7 na 5, pamoja na neno moja linalotaja majira ya mwaka. Masaoka Shiki, aliyefariki mwaka 1902, ndiye aliyeufanya ufupi huo uwe fasihi ya kisasa, akiwataka washairi watazame kitu kilichopo mbele ya macho na kukiandika kama kilivyo. Baada yake wanafunzi waligawanyika. Takahama Kyoshi alishika mizani na majira. Wengine walivunja. Ogiwara Seisensui, aliyekuwa mbele ya Hosai shuleni kwa mwaka mmoja, alianzisha jarida la Sōun mwaka 1911 na kutetea haiku isiyo na hesabu ya mizani wala sharti la majira. Hosai alimfuata. Baadhi ya mashairi yake ni mafupi kiasi kwamba mtu huyamaliza kabla hajavuta pumzi ya pili.

Ugomvi huu haukuwa wa Japani tu. Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na vizazi vimefundishwa kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi. Kisha mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, na mabishano yaliyofuata hayajazimika sawasawa hadi leo. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, mtoto wa kisiwa katikati ya ziwa, akafariki Januari 2020, mbali na maji ya kwao. Sioni dhambi kumtaja katika safari ya Mweru. Nikiwa kijana nilisikia watu wazima wakisema kwamba mtu huandika bila mizani kwa uvivu. Hosai alipoacha mizani alikuwa ameshaziandika haiku za kawaida tangu ujana wake. Alizijua sheria, na alizitupa pamoja na cheo, nyumba, mshahara na jina.

Mashua ya Chisenga iliondoka Nchelenge baada ya saa sita mchana, ikiwa imebeba unga, sabuni, betri, mabati mawili na abiria waliobanana. Mweru ni ziwa refu, zaidi ya kilomita 130 kutoka kusini hadi kaskazini, lakini huku kusini halina kina. Luapula unaingia kwa njia nyingi, umegawanyika katika matete na mafunjo, na mashua hupita mahali ambapo msafiri mgeni angeapa kuwa ni nchi kavu yenye majani. Hewa ya Agosti ilikuwa kavu, jua kali, upepo wa mchana umechafua maji yakawa rangi ya udongo. Mwanamume aliyeketi karibu nami alikuwa mzaliwa wa Kilwa ya Kongo, ameoa upande wa Zambia, na ndiye aliyekuja kuwa mkalimani wangu. Wote walimwita Papa, nami nikamwita hivyo.

"Unaenda Chisenga kwa nani?" aliniuliza.

"Sina mtu, Papa."

"Basi unaenda kwangu."

Hivyo ndivyo nilivyopata pa kulala. Mke wake alinipokea kwa kupiga makofi taratibu, magoti yamekunjwa, kama wanawake wa huku wanavyompokea mgeni, na mimi nikajibu "Mwapoleni mukwai" kwa adabu yote niliyojifunza. Jioni hiyo tulikula ubwali wa muhogo na pale, samaki wa jamii ya perege, aliyechemshwa kwa nyanya.

Kazi ya Chisenga huonekana zaidi alfajiri. Chisense ni vidagaa vya ziwa hili, vyembamba, visivyofika urefu wa kidole. Huvuliwa usiku, hasa usiku usio na mwezi, kwa kuvutwa na taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa taa nyingi ni za betri. Mashua zinaporudi, kazi huhama kutoka mikono ya wanaume kwenda mikono ya wanawake. Hupimwa kwa ndoo, hukatwa bei palepale, kisha humwagwa juani na kutandazwa, na kuanzia hapo mtu haketi. Vikilundikana vinaoza. Visipogeuzwa vinakauka upande mmoja. Wingu likija, wote hukimbia kuvikusanya, hata visivyo vyao. Nilimwona mama mmoja akiacha vyake nusu na kwenda kuokoa vya jirani aliyekuwa amepeleka mtoto zahanati. Hakuitwa wala hakushukuriwa kwa sauti. Jirani aliporudi aliangalia, akaelewa, akaendelea na kazi.

Katika kitabu cha Hosai nilikuwa nimeweka alama kwenye mashairi ya upweke. Kila anayemsifu huanza hapo: mtu peke yake chumbani, mwili mgonjwa, sauti chache. Japani imemfanya kuwa nembo ya upweke, pamoja na Taneda Santoka, mshairi mwenzake wa Sōun aliyezunguka nchi kwa miguu akiomba chakula. Hawakuwahi kuonana. Santoka alikuja kuzuru kaburi la Hosai kisiwani mwaka 1928. Nami niliipenda picha hiyo ya mpweke, niliibeba kwa miaka.

Chisenga iliiharibu, na namshukuru Mungu. Niliyasoma tena maisha ya Hosai nikiwa nimeketi kati ya watu wanaogeuza samaki, nikaanza kuona yale niliyokuwa nikiyaruka. Kibanda chake, Nangō-an, kilikuwa cha hekalu la Saikō-ji, namba 58 katika njia ya mahujaji wa vituo 88 vya Shodoshima. Alikipata kwa sababu mwanafunzi mmoja wa Seisensui, mwenye kiwanda cha mchuzi wa soya kisiwani, pamoja na kasisi wa hekalu, walimhurumia. Wote wawili walikuwa wapenzi wa haiku. Riziki yake ilitegemea sadaka na mishumaa ya mahujaji, ambao huja kwa wingi masika yanapoanza huko. Yeye alifika Agosti, kwa hiyo alikuwa na miezi mirefu ya kuvuka kabla hawajaja. Alikula mchele wa kukaanga na maharage ya kukaanga, akashushia kwa maji. Aliandika daftari la kila alichokula, na aliandika mamia ya barua na postikadi, nyingi zikiomba: fedha, dawa, vitafunio, karatasi. Marafiki walituma. Jirani yake, mama mzee wa familia ya wavuvi, alikuja kila siku kumteka maji, kumpikia, na mwisho kabisa kumgeuza kitandani na kumsafisha alipokuwa hawezi tena kujisafisha. Kifua kikuu kilikuwa kimefika kooni, hata kumeza kulimshinda.

Katika maisha haya, upweke uko wapi? Ulikuwepo, sikatai. Mtu anaweza kulishwa na watu kumi na bado usiku akawa hana wa kumwambia neno. Lakini ule utulivu wa Hosai, ule uwezo wa kutazama kitu kidogo mpaka kikamjibu, ulikuwa umegharamiwa. Kila siku mtu alibeba ndoo ili mtu mwingine apate saa ya kutazama. Kwa hesabu ya wachunguzi aliandika karibu mashairi 3,000 katika miezi ile minane. Mgonjwa aliyejipikia na kujitekea maji asingeandika hata mia.

Siandiki hivi ili kumshusha. Naona heshima yake inaongezeka. Mashairi yake ya Shodoshima yana vitu vya watu wengine kila mahali: wanavyopita, wanavyoleta, wanavyoacha. Hakuwa na chake, kwa hiyo alichoona kilikuwa cha jirani, cha hekalu, cha bahari. Mshairi tajiri angeandika kuhusu bustani yake. Yeye alipokea, na kila alichopokea alikitazama kama mtu anayejua hawezi kukilipa. Nadhani hapa ndipo ufupi wake ulipotoka.

Nchelenge ni wilaya yenye malaria nyingi mno, mwaka mzima. Usiku mmoja kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alizidiwa homa mpaka akaanza kuweweseka. Zahanati ya kisiwani ilikuwa imefanya iliyoweza, ikabidi avushwe kwenda hospitali ya St Paul's, Kashikishi. Mwenye injini hakuwa na petroli ya kutosha. Wanaume wakatoka nyumba kwa nyumba na dumu, kila mmoja akamimina alichokuwa nacho, kikombe, nusu lita, na wenye petroli hiyo walikuwa wavuvi ambao usiku uleule walitakiwa kuwa majini. Mashua iliondoka. Waliobaki walikosa kuvua. Asubuhi hakukuwa na chisense za kutandaza mbele ya nyumba kadhaa, na hakuna aliyelalamika mbele yangu. Nilisubiri kulisikia lalamiko na sikulisikia. Kijana alirudi siku chache baadaye, amekonda, anacheka.

Nilimuuliza Papa kama petroli hiyo italipwa. Alifikiri.

"Desemba watafunga ziwa," alisema.

Kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari serikali ya Zambia hupiga marufuku uvuvi ili samaki wazae. Zamani, mvua zilipoanza, mpumbu walipanda Luapula kwa makundi kwenda kutaga, nao wakavuliwa wakiwa na mayai mpaka wakakaribia kwisha katika miaka ya 1940. Wazee bado wanalitaja jina la samaki huyo kwa sauti ya kumtaja marehemu. Miezi hiyo mitatu ya marufuku ni ya muhogo na mikopo. Papa alikuwa na maana kwamba Desemba ikifika kila nyumba itahitaji kitu kutoka nyumba nyingine, na petroli ya usiku ule itakumbukwa. Hosai naye alikuwa akiwangoja mahujaji namna hiyo.

Siku zangu za mwisho nilimsomea mke wa Papa mashairi. Nilitafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, Papa akatoa Kiswahili na kuweka Kibemba, na kwa sababu kila shairi ni fupi, halikuchoka njiani. Mama alikuwa akichambua chisense, akitoa takataka na visamaki vilivyovunjika, na hakuinua macho. Kwa kila shairi alikuwa na swali. Nani alikuwa nje ya nyumba? Hayo maji yalitoka kisimani au ziwani? Alikuwa amekula? Mwanzoni nilijibu kwa haraka ili niendelee na linalofuata. Kisha nikaona kwamba maswali yake ndiyo usomaji wenyewe. Nimehudhuria semina za fasihi ambazo hazikumkaribia Hosai kiasi hicho.

Nikamwambia pia habari za karatasi. Seisensui alikusanya mashairi ya mwanafunzi wake katika kitabu kiitwacho Taikū, kikatoka Juni 1926, Hosai akiwa ameshazikwa. Kisha katika miaka ya 1990 miswada ya Shodoshima ikapatikana katika ghala la nyumba ya Seisensui, na wachunguzi wakaona mkono wa mwalimu ndani yake: amechagua, amekata, mahali pengine amebadili maneno. Baadhi ya mashairi ambayo Wajapani waliyapenda kama sauti ya mtu mmoja peke yake chumbani yalikuwa yamepita mikono ya watu wawili. Kuna waliosikitika waliposikia hivyo. Mimi nilifurahi, na nilimwambia Mama kwamba nilifurahi.

Papa alichukua muda kulifikisha hilo kwa Kibemba. Mama aliuliza kama mwalimu alilipwa. Nikasema sidhani. Akauliza mke alikuwa wapi. Nikasema Osaka, akifanya kazi. Akauliza yule mama wa wavuvi aliyekuwa akimpikia na kumsafisha, je, yeye alijua kuandika?

"Hakuacha maandishi, Mama," nikajibu.

Papa akatafsiri. Mama akakung'uta ungo, akasema neno, na Papa akaniletea kwa Kiswahili chake cha Katanga: "Anasema basi maneno hii tumesikia upande moja tu."